Kuhamishia Barua Pepe za Kampuni Kwenye Toleo Jipya: Ushauri kwa Wanaoanza Usimamizi wa Seva

Mtu anayekabidhiwa kwa mara ya kwanza kazi ya kupandisha mfumo wa barua pepe wa kampuni kutoka toleo la zamani kwenda toleo jipya huanza, kwa kawaida, kwa kusoma mwongozo wa usakinishaji, na akishaumaliza hudhani kwamba kazi ameielewa. Mwongozo ni wa lazima na hakuna njia ya kuukwepa, lakini aliyeuandika hakuijua kampuni yako: hakujua kwamba mashine ya kunakili iliyoko ukumbini hutuma nyaraka kupitia seva hiyo, wala kwamba katibu wa mkurugenzi hufungua kalenda tatu zisizo zake kila asubuhi. Nimeifanya kazi hii kwa miaka, na ninalotaka kumwambia anayeanza ni kwamba usakinishaji ndio sehemu fupi kuliko zote. Kinachoamua iwapo ofisi itafanya kazi Jumatatu asubuhi ni kiasi ulichokijua, kabla hujagusa chochote, kuhusu vitu vinavyoiegemea seva ya zamani.

Mara nyingi kinacholeta uhamisho ni tarehe ya mwisho wa huduma, yaani siku ambayo mtengenezaji huacha kutoa viraka vya usalama. Kwa wanaotumia Exchange, mfumo wa barua pepe wa Microsoft, toleo la 2010 lilifikia mwisho huo tarehe 13 Oktoba 2020, la 2013 tarehe 11 Aprili 2023, na matoleo ya 2016 na 2019 yalikoma pamoja tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa wanaotumia Zimbra, mfumo mwingine wa barua pepe, toleo la 8.8.15 lilikoma mwishoni mwa mwaka 2023. Wakubwa wa kampuni huona seva bado inatuma na kupokea barua, kwa hiyo hawaoni haraka iko wapi. Ukitakiwa kueleza, wakumbushe yaliyotokea Machi 2021, pale Microsoft ilipotoa ghafla viraka vya kuziba mianya ya Exchange ambayo wavamizi walikuwa tayari wanaitumia. Viraka vya mwanzo vilikubali tu seva zilizokuwa na masasisho jumuishi ya karibuni, na aliyekuwa ameachwa nyuma alilazimika kwanza kusakinisha sasisho kubwa, kazi ya saa kadhaa, ilhali seva yake iko wazi kwenye intaneti. Hasara ya kuchelewa haipimwi siku za kawaida. Hupimwa siku kama hiyo.

Baada ya kukubaliana kwamba kazi ifanyike, jua njia ya matoleo. Exchange kwa muda mrefu haikuruhusu toleo jipya kuwekwa juu ya la zamani: unasimamisha seva mpya kando ya ile ya zamani, zinaishi pamoja kwa muda, kisha unahamisha visanduku vya barua kimoja kimoja. Tena, si kila matoleo mawili yanaweza kuishi pamoja. Seva ya 2010 na ya 2019 haziwezi kukaa katika shirika moja, kwa hiyo aliyebaki na 2010 hupitia 2016 kwanza. Toleo la sasa lililotolewa Julai 2025, Exchange Server Subscription Edition, limelegeza sharti hili kwa wenye 2019 iliyosasishwa, maana linaweza kuwekwa juu yake kama sasisho la kawaida. Zimbra kwa upande wake hupandishwa palepale ilipo. Jambo hilo huonekana rahisi, na kweli ni rahisi mambo yakienda vizuri, lakini yakiharibika katikati huna seva ya pili ya kurudia. Mimi hupendelea mashine mpya hata pale mtengenezaji anaporuhusu kupandisha palepale, kwa sababu seva ya zamani iliyo hai ndiyo kinga bora kuliko zote, na gharama ya kuwa na mashine mbili kwa wiki chache ni ndogo.

Sasa tuje kwenye orodha, ambayo naiweka mbele ya mambo mengine yote. Andika kila kitu kinachotuma barua kupitia seva ya zamani au kinachosoma barua kutoka kwake. Watu utawakumbuka bila shida. Vifaa na programu ndivyo vinavyosahaulika. Mashine za kunakili na skana, mfumo wa uhasibu unaotuma ankara, mfumo wa mishahara unaotuma hati za malipo, fomu ya mawasiliano kwenye tovuti, programu ya nakala rudufu inayotoa taarifa usiku, kifaa cha kulinda umeme kinachopiga kelele kwa barua pepe, mfumo wa huduma kwa wateja unaosoma kisanduku fulani kila baada ya dakika chache: vyote hivi viliwekwa na mtu ambaye huenda ameshaondoka, na aghalabu vimeandikiwa anwani ya IP ya seva ya zamani, yaani namba yake kwenye mtandao, badala ya jina lake.

Usitegemee kuuliza idara kwa idara. Uliza, lakini usitegemee. Washa logi (kumbukumbu) za mazungumzo ya SMTP, lugha ambayo seva hutumia kupelekeana barua, kwenye seva ya zamani, kisha ziache zikusanye kwa mwezi mzima, si kwa siku mbili tatu, kwa sababu kazi nyingi za uhasibu hufanyika mara moja tu mwishoni mwa mwezi. Baada ya hapo toa anwani zote za IP zilizowahi kuungana na seva, ondoa zile unazozitambua, na zilizobaki zifuatilie moja moja hadi ujue ni kifaa gani, kiko wapi, na nani anakijali. Kazi hii inachosha, na anayeisimamia kazi yako anaweza kuuliza kwa nini uhamisho haujaanza. Mwonyeshe orodha inavyokua. Huo ndio uhamisho wenyewe.

Ukishavijua vifaa hivyo, usivielekeze kwenye anwani ya IP ya seva mpya. Tengeneza jina moja katika DNS ya ndani, yaani orodha inayogeuza majina ya mashine kuwa anwani za IP, kwa ajili ya kupitishia barua za vifaa, na kila kifaa kitumie jina hilo. Atakayehamisha tena baada ya miaka kadhaa atabadilisha rekodi moja tu badala ya kuzunguka majengo. Pia pima mapema iwapo vifaa vya zamani vinaweza kuzungumza na seva mpya kwa usimbaji unaokubalika leo. TLS 1.0 na 1.1, matoleo ya zamani ya usimbaji huo, ziliondolewa rasmi katika viwango vya intaneti mwezi Machi 2021, na mifumo mingi mipya huzikataa, ilhali skana iliyonunuliwa miaka mingi iliyopita huenda haijui nyingine. Suluhisho mojawapo ni kuipa anwani hiyo peke yake njia yake ya ndani isiyotoka nje ya mtandao wa kampuni. Kishawishi cha kuruhusu mtandao wote wa ndani kupitisha barua bila utambulisho, ili malalamiko yaishe, kishinde kabisa, kwa kuwa kompyuta moja yenye virusi itatosha kulifanya jina la kampuni yako liwekwe kwenye orodha za watumaji wachafu.

Jambo la pili linalowashtua wanaoanza hutokea mapema mno, kabla hata kisanduku kimoja hakijahamishwa. Unaposakinisha seva mpya ya Exchange, hujiandikisha yenyewe ndani ya Active Directory, orodha kuu ya watumiaji na mashine za kampuni, kama mahali ambapo Outlook, programu ya kusomea barua, inaweza kuuliza mipangilio, na hujiandikisha kwa jina lake la ndani pamoja na cheti cha utambulisho ilichojitengenezea. Outlook za watumiaji huanza kuiuliza, hazikiamini cheti hicho, na watu ambao hawajui kwamba kuna kazi inaendelea huona onyo la usalama kwenye skrini zao. Simu zinaanza kulia. Dawa yake ni kubadilisha anwani hiyo ya kuulizia mipangilio, iitwayo Autodiscover, mara tu usakinishaji unapokamilika, iwe sawa na ile inayotumiwa na seva ya zamani, na kuweka cheti halali chenye majina yote yanayotumika. Kwa sababu hiyo, hata usakinishaji wenyewe ufanye baada ya saa za kazi, ingawa kwa maelezo ya mwongozo haugusi watumiaji. Ujue pia kwamba kabla ya hapo usakinishaji utakuwa umepanua muundo wa Active Directory, na upanuzi huo haufutiki; hakikisha kwanza kwamba seva zote za Active Directory zinawasiliana vizuri na kwamba nakala rudufu yake ipo.

Kuhusu nakala rudufu nitasema kwa ufupi kwa kuwa hakuna wa kubishana nalo: ujumbe wa kijani unaosema kazi imefanikiwa hautoshi. Chukua kisanduku kimoja, kirejeshe mahali pengine, fungua barua zilizomo na viambatisho vyake, upime na muda uliochukua. Muda huo ndio utakaokuambia kama kurejesha mfumo mzima ni kazi ya saa sita au ya siku mbili.

Upande wa nje, mambo yako mikononi mwa rekodi za DNS. Rekodi ya MX huonyesha dunia mahali pa kupeleka barua za kikoa chako, na kila rekodi ina muda ambao seva nyingine huruhusiwa kuikumbuka bila kuuliza tena. Kama muda huo ni sekunde 86,400, yaani siku nzima, basi badiliko utakalofanya saa mbili usiku halitaonekana kwa wote hadi usiku wa kesho yake. Upunguze hadi sekunde 300 siku mbili au tatu kabla, na uurudishe baada ya mambo kutulia. Kama seva mpya itatuma kwa anwani tofauti ya IP, iingize anwani hiyo mapema kwenye rekodi ya SPF, yaani orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa chako, ukikumbuka kwamba SPF hairuhusu zaidi ya utafutaji 10 wa DNS. Hakikisha pia kwamba anwani hiyo ina rekodi ya kinyume inayoleta jina la seva, na kwamba funguo za DKIM, zinazotia barua sahihi ya kidijitali, zimewekwa. Zamani haya yalikuwa mapambo. Tangu Februari 2024 Google humtaka kila anayetuma kwenda akaunti za Gmail awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na zote mbili pamoja na DMARC, rekodi inayosema barua zisizothibitishwa zifanyweje. Ukizisahau, barua zako zinaweza kukataliwa, au zikaondoka salama na kuangukia kwenye folda ya taka za mpokeaji bila wewe kupata kosa lolote kwenye logi.

Hapa nataka nikuondolee hofu moja na kukupa nyingine iliyo ya haki. Wengi wanaoanza huogopa kuizima seva hata kwa saa moja wakidhani barua zitapotea. SMTP iliundwa mwaka 1982, wakati mitandao ilikuwa ikikatika mara kwa mara, na hadi leo kanuni zake zinamtaka mtumaji asiyempata mpokeaji aweke barua kwenye foleni na kujaribu tena, na asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Seva iliyozimwa, au iliyofungiwa kwenye faiwoli poti ya 25, yaani mlango wa mtandao ambao barua huingilia, haipotezi barua. Inayopoteza ni seva iliyo wazi lakini haijakamilika. Ikiulizwa kuhusu anwani ambayo bado haijaingizwa, hujibu kwa msimbo wa 550 kwamba mtu huyo hayupo, na hilo ni jibu la mwisho: mtumaji harudii tena, mteja wako anarudishiwa barua yake, na wewe huna nakala. Kwa hiyo usiifungulie seva mpya njia ya intaneti mpaka anwani zote ziwemo, pamoja na majina ya ziada na anwani za vikundi. Ukiwa na shaka usiku huo, funga poti, tengeneza taratibu, kisha fungua. Foleni za wengine zitakusubiri.

Katika kuhamisha visanduku, kundi la majaribio lisiwe la idara ya teknolojia peke yake. Sisi hutumia barua pepe kwa namna nyepesi. Hatuna ruhusa za kutuma kwa niaba ya wengine, hatugombei vyumba vya mikutano, na tukikutana na kasoro tunajua njia ya kuzunguka. Chukua mtu wa mauzo anayetegemea simu, mhasibu mwenye folda mia moja, na katibu mmoja mwenye subira. Kisha panga uhamisho kwa kufuata mahusiano ya kazi, wala si herufi za majina: mkurugenzi na katibu wake wahame usiku mmoja, na timu inayotumia kisanduku cha pamoja ihame pamoja nacho, kwa kuwa ruhusa za kufungua visanduku vya wengine ndizo huyumba pale mmoja anapokuwa seva hii na mwenzake ile.

Exchange huruhusu kunakili visanduku nyuma ya pazia wakati watu wanaendelea na kazi, ikasimama karibu na mwisho, takriban asilimia 95, hadi utakapoamuru kumalizia. Tumia uwezo huo. Nakala hufanyika mchana kwa siku kadhaa, na usiku wa uhamisho hubaki dakika chache kwa kila kisanduku. Angalia diski za logi kwa macho yako mwenyewe: kila kinachoandikwa kwenye hifadhidata mpya huandikwa pia kwenye logi za miamala, faili za megabaiti 1 kila moja, hivyo kuhamisha gigabaiti 300 huzaa karibu gigabaiti 300 nyingine za logi ambazo hazifutiki mpaka nakala rudufu ichukuliwe. Diski hiyo ikijaa, hifadhidata hujifunga, na waliokwisha kuhamia wanakosa barua. Pia, uhamisho wa kisanduku ukikwama kwa sababu ya barua zilizoharibika, utapewa nafasi ya kuziruka. Ziruke ikibidi, lakini soma ripoti kwanza, uone ni kalenda ya mwaka juzi au ni mikataba, na mwenye kisanduku aelezwe kilichoachwa.

Wapo ambao hawahamii toleo jipya la mfumo uleule bali wanaunda visanduku upya kwenye mfumo mpya na kuingiza barua za zamani. Kwao kuna mtego ambao hauonekani siku ya kwanza. Ndani ya Exchange, watu wa kampuni moja hawaandikiani kwa anwani ya kawaida. Outlook hukumbuka anwani ya ndani ya kila mtu, na anwani hiyo imo katika kila barua ya zamani na katika majina yanayojitokeza unapoanza kuandika. Kisanduku kipya kina anwani mpya ya ndani. Mtu akijibu barua ya mwezi uliopita, inarudi ikisema mpokeaji hayupo, ingawa mpokeaji ameketi meza ya pili. Toa orodha ya anwani hizo za ndani kabla ya kuzima mfumo wa zamani na uziongeze kwenye visanduku vipya kama anwani za aina ya X500. Baada ya seva kufutwa utalazimika kuzikusanya moja moja kutoka kwenye barua zilizorudishwa.

Watumiaji waandikie mapema na kwa ufupi: siku gani, nini kitabadilika machoni pao, simu zao zifanyweje, na wampigie nani. Sentensi moja isikose katika tangazo hilo, kwamba hakuna mtu wa idara yako atakayeomba nywila kwa barua pepe wala kutuma kiungo cha kuhakiki akaunti. Walaghai hupenda sana vipindi hivi, maana ujumbe unaosema sanduku lako linahamishwa, bofya hapa, huaminika kirahisi wiki ambayo sanduku linahamishwa kweli. Jumatatu asubuhi usiwe umejifungia chumba cha seva. Kaa mahali watu wanapokupata.

Kabla ya usiku wa kubadilisha, andika saa ya kuamua kurudi nyuma. Chagua mambo machache yatakayokuwa kipimo, kwa mfano kwamba barua ya nje inaingia na kutoka, simu zinafungua visanduku na mfumo wa uhasibu unatuma, na kama hayajatimia kufikia saa hiyo, rekodi zirudishwe kama zilivyokuwa. Uamuzi huu hauwezi kufanywa vizuri saa tisa usiku na mtu aliyechoka ambaye anaamini bado dakika kumi tu. Ukumbuke vilevile kwamba barua mpya zikishaanza kuingia kwenye visanduku vilivyohama, kurudi si kubadilisha rekodi tena. Ni kuhamisha upya kwa upande wa pili.

Wiki za mwanzo angalia urefu wa foleni kila siku, na uweke tahadhari inayotumwa kwa njia isiyotegemea barua pepe hiyohiyo. Toleo jipya nalo lina magonjwa yake. Tarehe 1 Januari 2022, seva nyingi za Exchange 2016 na 2019 ziliacha kupeleka barua kwa sababu chombo cha kuchuja virusi kiliandika tarehe kama namba 2201010001, iliyozidi kikomo cha 2147483647 ambacho nafasi yake ingeweza kubeba. Barua hazikupotea, zilirundikana kwenye foleni, na aliyekuwa akiitazama foleni yake alijua kabla ya wateja.

Seva ya zamani usiiondoe mara moja, wala usiisahau ikiwa imewashwa, kwa kuwa seva isiyotunzwa ndiyo mlango wa wavamizi. Simamisha huduma zake kwa wiki mbili na uone nani atalalamika; hapo ndipo kifaa cha mwisho kilichokosekana kwenye orodha hujitokeza. Kisha iondoe kwa utaratibu wake wa kusakinua, wala si kwa kufuta mashine, la sivyo jina lake litabaki ndani ya Active Directory na kuwasumbua watakaokuja. Exchange itakataa kusakinuliwa ikiwa bado ina visanduku, na mara nyingi vilivyobaki ni vile vya mfumo wenyewe ambavyo havionekani kwenye orodha ya kawaida, vihamishe navyo. Ikiwa kampuni yako inatakiwa kuhifadhi barua kwa miaka, hifadhi pia faili za usakinishaji za toleo la zamani na za mfumo endeshi wake pamoja na nakala rudufu ya mwisho, kwa sababu hifadhidata ya toleo la zamani haifunguki ndani ya toleo jipya, na nakala isiyo na programu ya kuifungua haitamsaidia wakili atakayeiomba.